Gitaa Linamjibu Nani?

Kazi yangu redioni ni kufuta matusi. Nikiulizwa hujibu hivyohivyo, na watu hucheka, maana wanaonifahamu wanajua kwamba mimi mwenyewe nina mdomo. Shefu wetu, yaani mkuu wa kituo, husema kama matusi ni ugonjwa, basi mimi nimeshachanjwa, naweza kukaa nayo chumba kimoja bila kudhurika. Namwacha aseme. Yeye ni kijana, amesoma, na tangu azaliwe hajawahi kununua mboga kwa mwanamke aliyekasirika.

Kituo chetu ni vyumba vitatu juu ya duka la sementi, hapa Kamembe. Dirisha la studio linatazama barabara inayoteremka kwenda mpakani, na mvua ikiacha unaziona nyumba za Bukavu ng'ambo, zimebanana mlimani. Jumapili mchana tunapiga nyimbo za zamani. Sizungumzii zile kubwa za Kinshasa ambazo kila mtu anazo. Nazungumzia za hapa, za orkestre, yaani bendi, zilizokuwa zikipiga harusi pande zote mbili za mto wa mpakani, zikarekodiwa kwenye kaseti, kisha zikasahaulika. Wazee wanatuletea hizo kaseti zimefungwa kwenye vipande vya vitenge, kama mtu anayeleta yai. Kabla hazijaenda hewani, mimi nazisikiliza kwanza.

Kazi hii nimeipata kwa sababu ya lugha. Kiswahili nimezaliwa nacho, Kinyarwanda nimekisoma shule, Kilingala nimekipata kwenye muziki, na Kimashi nimekiokota kwa majirani. Nikisema ukweli, ufundi wenyewe niliuanza kwa baba. Baba alikuwa fundi cherehani, na redio yake ilikaa juu ya meza ya kukatia nguo, inaimba tangu asubuhi. Wimbo ukikaribia pabaya, baba alikanyaga cherehani kwa nguvu zote, trrrrr, hata kama hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Neno likipita, akapunguza mwendo, akaendelea na suruali ya watu. Sisi watoto tulikaa kimya tukihesabu. Penye trrrrr ndipo penye utamu, na kesho yake shuleni tulimtafuta aliyejua neno lililofichwa pale. Baba, Mungu amrehemu, alinifundisha matusi yote kwa cherehani ile.

Redioni hatuna cherehani. Shefu alichagua kengele ya baiskeli. Neno baya likifika, mimi naweka kengele juu yake. Aliandika na orodha, akaibandika ukutani mbele ya meza yangu: maneno ya chumbani, maneno ya kudharau vilema, maneno ya kutukana asili ya mtu. Niliifuata vizuri sana ile orodha, mpaka nikapitiliza. Kuna neno moja la Kinyarwanda ambalo maana yake ni kukauka tu. Nguo zinakauka, maharagwe yanakauka, watu wanalitamka mbele ya padri bila wasiwasi. Kwa Kiswahili, neno hilohilo, herufi kwa herufi, ni tusi la sehemu ya siri ya mwanamke, mimi silitaji hapa, na msomaji ameshalipata mwenyewe. Siku moja niko mbiombio, sikio langu limekaa upande wa Kiswahili, nikauvalisha kengele tatu wimbo wa watu wa Nzahaha waliokuwa wanaimba habari za mavuno. Mzee mmoja akapiga simu kutoka hukohuko, ana heshima zake zote.

"Maman," akaniuliza, "mtama wangu umekosa nini, hata mukatae ukauke?"

Shefu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilikasirika siku mbili, halafu nikacheka na mimi. Nilijiambia kwamba kosa la kazi yangu ni kufuta kisichostahili, na kwamba nikijihadhari na hilo nimemaliza. Sikujua kwamba lipo kosa jingine, na kwamba nilikuwa nalifanya kila Jumapili.

Kosa lenyewe lilifichuliwa na kaseti moja kutoka Mibirizi. Mzee aliyeileta aliifuta kwanza kwa shati lake ndipo akanipa. Nilipoibonyeza, gitaa likaanza peke yake, linatembea polepole, na mimi nikapiga kelele pale studioni: "Ayi! Sahani mbili!" Wimbo huu niliujua tangu utoto. Hakuna harusi ya Kamembe niliyoenda nikiwa msichana ambako haukupigwa. Mwimbaji anamwimba mwanamke mmoja wa Nkanka, mrembo, mwenye nyumba nzuri, na kiitikio chake kilikuwa hiki: *Nyumba ni kubwa, sahani ni mbili, mugumba eee!* Hapo gitaa linajibu kwa kipande kifupi cha kushuka, halafu ngoma zinarudi. Kwenye kile "mugumba eee" ukumbi mzima ulipiga kelele pamoja, wakubwa kwa wadogo, na bibi harusi mwenyewe.

Mugumba, ndivyo huku tunavyomwita mwanamke asiyezaa. Ni neno la kumwita mtu akiwa hayupo. Halikuwa kwenye orodha ya shefu, na mimi nililipitisha bila hata kukunja uso, kwa sababu kwangu lilikuwa kelele ya harusi. Sikuwahi kufikiri kwamba yule mwanamke wa Nkanka ni mtu. Wimbo ukapendwa. Watu wakapiga simu kuuomba, tukaurudia Jumapili ya pili, na ya tatu.

Baada ya Jumapili ya tatu, Jumatatu asubuhi, akaja mama mmoja mzee, amejifunga kitenge cha kijani kilichochuja. Beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani kwetu, aliliacha kwenye ngazi ili asituletee harufu ndani. Harufu iliingia kabla yake. Nilimfahamu kwa sura, kama sisi wote tunaonunua sokoni: meza yake iko mstari wa samaki, karibu na bomba, na watoto wa pale wanamwita Koko, yaani bibi.

"Ni nani hapa anapigaka ile wimbo ya sahani mbili?" akauliza.

"Ni mimi, Maman. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Ni mimi ule mugumba," akasema.

Nikacheka. Najuta mpaka leo, lakini nilicheka, nilidhani mama ana utani wake. Yeye alinitazama tu, anangoja nimalize, na nilipomaliza nilitamani sakafu inimeze.

"Ile wimbo ilikuwa imekufa," akaendelea, taratibu, bila ugomvi. "Miaka mingi. Benye kuijua bamezeeka, bengine bamekufa, na mimi nilikuwa nauza samaki yangu na amani. Sasa munaifufua. Batoto ba juzi banaiimba mbele ya meza yangu. Habajue hata kama ni mimi. Kuko muzee mumoja tu kwa soko mwenye anajua, na siku moja ule atabaambia."

Shefu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Akakunja mikono kwa adabu. "Pole sana, Mama. Tunautoa leo hii. Hautapigwa tena kwenye redio hii, nakuahidi."

"Aka!" Mama akageuka haraka mpaka kitambaa cha kichwa kikasogea. "Nani amesema mutoe wimbo? Mwenye kupiga ile gitare ni bwana yangu. Amekufa. Hakuacha mutoto, hata picha yake iko moja tu, ya kitambulisho. Kaseti ya kwetu ililiwa na maji. Mutoe neno. Gitare muniachie."

Basi hilo ndilo alilotaka: kumsikia mumewe Jumapili mchana mezani kwake bila kutukanwa mbele ya watu. Nikamwambia aniachie mimi, ni kazi ndogo. Mungu anisamehe, nilimwambia ni kazi ndogo.

Jumapili hiyo tulipiga wimbo na kengele. Neno linakuja, ngriiing, gitaa linaendelea. Jumapili iliyofuata nikamwachia mwenzangu studio, nikaenda sokoni kwa miguu yangu kuuona uso wa Mama wa sambaza wimbo ukipita. Nilienda na majivuno, siwezi kuficha. Nilikuwa nimeshajiona ninapewa soda na kushukuriwa.

Redio zilikuwa zimewashwa mstari mzima. Gitaa likatembea, mwimbaji akaingia: nyumba ni kubwa, sahani ni mbili. Nikaona watu wanaacha walichokuwa wanafanya. Muuza maharagwe kashika kopo hewani. Muuza nguo za mitumba kapanda juu ya meza yake, katikati ya masweta. Kengele ikalia, na soko zima likapiga kelele kwa sauti moja:

"MUGUMBA!"

Wakaangua kicheko. Watoto waliruka. Ilirudiwa kila kiitikio kilipofika, kengele na kelele, kengele na kelele, na yule wa mitumba alikuwa anawaongoza kwa mkono kama mwalimu wa kwaya. Ilikuwa cherehani ya baba tupu. Nilikuwa nimewaonyesha watu wote wa Kamembe mahali pa kutazama.

Mama wa sambaza alikuwa anapanga samaki wake mafungu mafungu. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Akanisogezea kreti nikae.

"Mbele balikuwa banaimba," akasema bila kuinua kichwa. "Sasa banaita."

Nilipandwa na mori. Nikamwendea yule wa mitumba, nikamwambia ashuke juu ya meza, hana haya, ana umri wa baba wa watu na anarukaruka kama mbuzi, mamake angemwona angemkana. Nilisema na mengine ambayo yapo kwenye orodha ya shefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Maman, mimi sijatukana muntu," akasema. "Ni redio yenu inaniuliza, mimi najibu."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimjua yule mtu. Tulicheza harusi zilezile utotoni, na mimi nilipiga kelele ileile, kwa koo langu lote, pengine na huyu mama akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni anatutazama. Niliporudi nyumbani sikula.

Jumatatu nikaanza upya, na safari hii kwa ufundi. Shida ilikuwa hivi: sauti na gitaa vimerekodiwa pamoja, kwa mikoro moja, yaani kipaza sauti kimoja, huwezi kuvitenganisha. Na ule mkia wa neno, "eee", unalala juu ya noti ya kwanza ya gitaa. Ukikata neno, unamkata na mpigaji kidole. Nilisikiliza ile kaseti mpaka nikaota. Mwisho nikakumbuka mwanzo wa wimbo, pale gitaa linapotembea peke yake kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Nikachukua kipande cha hapo, urefu sawasawa na neno, nikakilaza juu yake. Kilikuwa kinaruka kidogo, nikakilainisha. Siku tatu nzima. Siku ya Alhamisi jioni ukisikiliza ungeapa kwamba pale hapajawahi kuimbwa neno lolote: nyumba ni kubwa, sahani ni mbili, halafu gitaa, gitaa tu, linakwenda zake. Hakuna kengele wala shimo la mtu kutumbukizia mdomo. Shefu alipiga makofi. Wallahi, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

Ijumaa nikamwita Mama wa sambaza aje asikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikaa safari hii. Nikamvalisha kaske ya kusikilizia masikioni, juu ya kitambaa chake, nikamwambia asiogope, nikabonyeza. Gitaa lilipoanza akafumba macho. Akatabasamu, na ule uso ukawa wa msichana, mpaka nikatazama pembeni kwa kuona haya, maana nilikuwa nachungulia mambo ya watu. Mwimbaji akaingia. Sahani ni mbili. Pale pangu pakafika, pakapita.

Akafumbua macho. "Rudisha kidogo," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena, amekunja paji la uso. Akaomba mara ya tatu. Mimi nilikuwa nangoja kusifiwa. Akavua kaske, akaiweka mezani.

"Sasa anajibu nani?" akaniuliza.

"Nani, Maman?"

"Bwana yangu. Hapa." Akagonga meza kwa kidole. "Ule mwimbaji alikuwa anasema neno, na bwana yangu anamujibu. Sasa umeondoa neno, na yeye ananza kujibu. Anajibu nani?"

Sikumwelewa, na nadhani nilimjibu kwa ukali kidogo, maana siku tatu zilikuwa zinanidai. Akanivuta mkono kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, akanigusisha kidole changu mezani, akaimba polepole kile kipande cha gitaa, kile cha kushuka ambacho nimekisikia maisha yangu yote. Noti nane. Akaimba tena, sasa na maneno:

"Ni-ko-na-ye-i-na-to-sha."

Niko naye, inatosha. Nikaweka kaske masikioni, nikasikiliza kaseti yenyewe, bila ufundi wangu. Mugumba eee, anasema mwimbaji, na gitaa, hata kabla ya neno kuisha, linaanza: niko naye, inatosha. Kila kiitikio. Liko wazi kabisa. Ukishalisikia huwezi kulisikia vingine.

Akanisimulia, na nitayaweka kwa ufupi kama alivyoyaweka. Walikaa miaka saba bila mtoto. Ndugu za mume wakawa wanakuja na wasichana: huyu amesoma, huyu ana afya. Mume anawapa viti, anawapa chai, na wakimaliza kusema anawajibu hayo maneno matatu, niko naye, inatosha, anachukua gitaa lake. Wakachoka. Siku moja kiongozi wa orkestre, ambaye ndiye mwimbaji na ndiye mwenye vyombo, akatunga ule wimbo. Alisema ni utani. Mume alikataa kuupiga. Kiongozi akamwambia hakuna tabu, wapiga gitaa wako wengi Bukavu.

"Nilimuambia aache ile orkestre," Mama akasema. "Nililia. Nilisema kama utapiga ile wimbo, mimi narudi kwetu. Akaniambia, nikiacha mimi bataimba na muntu mwingine, na ile neno itatembea yenyewe kwa harusi yote, haina mwenye kuijibu. Afazali niende nayo. Kila pahali itakwenda, mimi niko nyuma yake."

Kwa hiyo alikwenda nalo. Miaka yote ile, kila harusi, neno linatoka na yeye yuko nyuma yake. Na sisi tulipiga kelele kwenye neno, kisha tukacheza juu ya jibu.

"Hakuna mwenye alijua?" nikamuuliza.

"Yeye na mimi."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia mpaka nikatumia kona ya mtandio. Ile kazi yangu nzuri kuliko zote ilikuwa bado imekaa kwenye skrini, na ndani yake kulikuwa na mwanamume anaongea peke yake.

"Rudisha," Mama akasema.

"Nirudishe neno?"

"Yote. Namna alipiga."

Shefu, aliyekuwa amekaa pembeni tangu mwanzo na tukamsahau, alikohoa. Akasema anaelewa, anasikitika sana, lakini haiwezekani. Neno lile ameshaliandika kwenye orodha, kwa ajili ya mama huyuhuyu, akasema huku akionyesha ukuta. Tusi ni tusi. Leo tukilipitisha kwa sababu, kesho kila mtu ataleta sababu yake.

"Mwenye alitukanwa ni mimi," Mama akasema. "Haiko ukuta."

Nami nikaingilia, na nikiingilia siingilii kidogo. Nilimwambia shefu kwamba kengele yake ndiyo iliyolipigia soko filimbi, kwamba kukata nilikata na nikaharibu, na kama anataka nifute neno hilo aje akae yeye kwenye kiti changu ammalize yule marehemu kwa mikono yake. Halafu shefu, na hapa namsifu, akavuta kiti akakaa mbele ya Mama, chini kuliko yeye, akamwambia kuna njia moja tu: watu waambiwe kwanza. Aeleze mwenyewe, kwenye mikoro, gitaa linasema nini. Halafu wimbo upigwe kama ulivyo.

Mama akaitazama mikoro, hakuisogelea. Mimi nilidhani anaogopa mikoro, wengi wanaiogopa. Sivyo.

"Hii ndiyo kitu ya mwisho iko yangu na yeye," akasema. "Nikiisema, itakuwa ya soko."

Barabarani lori lilikuwa linashusha sementi, na sisi watatu tulisikiliza mifuko inavyotupwa chini. Baadaye akakirekebisha kitambaa chake, akaniuliza wapi pa kusemea.

Hakusema mengi. Alisema yeye ni nani, meza yake iko wapi, na kwamba mpiga gitaa alikuwa mume wake. Alisema, sikilizeni kinachokuja nyuma ya neno, akayasema maneno yenyewe mara moja tu, bila kuyaimba. Kisha akashukuru, akasema Jumapili ana samaki wabichi. Shefu alitaka kukata hiyo ya samaki. Nikamtazama, akaiacha.

Jumapili nilikwenda sokoni tena, nikakaa kwenye kreti lilelile. Siku hiyo nilikuwa naogopa kuliko siku ya mtihani. Mama alikuwa anapanga mafungu yake, na mikono yake ilikuwa inapanga, inabomoa, inapanga tena. Sauti yake ikatoka kwenye redio zote kwa pamoja. Watu waliitazama redio, halafu wakamtazama yeye, halafu wakatazama chini. Muuza maharagwe akajifunika mdomo kwa khanga. Yule wa mitumba alikuwa ameshapanda juu ya meza tayari, maskini, na sasa hakujua ashuke au abaki.

Gitaa likatembea. Nyumba ni kubwa, sahani ni mbili. Nikashika ukingo wa kreti.

"Mugumba eee," mwimbaji akasema, wazi, bila kengele, bila kitu chochote juu yake.

Soko halikusema neno. Nikasikia bomba linatiririka nyuma yetu. Na ndani ya kimya kile kikashuka kile kipande, noti nane, moja moja, nadhani kwa mara ya kwanza tangu kipigwe kimesikilizwa na watu wengi namna ile. Mama alikuwa ameacha kupanga. Midomo yake inacheza, anasema pamoja naye.

Kiitikio cha pili kilipokuja, neno likapita tena na hakuna aliyeligusa. Gitaa likaanza kujibu, na yule wa mitumba, kasimama katikati ya masweta yake, macho yamemlowa, akaliitikia kwa sauti mbaya sana, sauti ya mtu asiyeimba:

"Niko naye…"

Akakwama hapo. Ilimshinda. Watu wote wakamgeukia Mama wa sambaza.

"Inatosha," akasema Mama, na akajifuta uso kwa mkono wenye magamba. "Inatosha, papa. Sasa shuka, ununue samaki."